Jagi la Nyumbani

Ndugu zangu, leo sina maneno laini. Aliyekuja kubembelezwa anisamehe.

Kulikuwa na baba mmoja aliyeuza maziwa mgando kwa baiskeli, nyumba hadi nyumba. Shati limenyooshwa, salamu tamu, akina mama wanampenda. Kila asubuhi kabla hajatoka alijaza kwanza jagi moja la nyumbani, akalifunika, akaliweka kabatini. Ndipo alipokwenda na madumu yake mferejini, pale chini ya machinjio, akayaongeza maji. Mmeliona hilo jagi? Likumbukeni.

Basi watoto wakaanza kuharisha. Leo huyu, kesho yule, mara mtaa mzima. Bibi afya akawafuata wauza maziwa mmoja mmoja, akamkuta baba yetu anafunga madumu kwenye baiskeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuulizi jina, wala sikupeleki popote. Tunatafuta maji yanayowaumiza watoto. Je, huwa unaongeza maji kwenye maziwa? Kama unaongeza, unayachota wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni: mferejini. Neno moja tu, jamani! Lakini alimtazama yule binti aliyemwamkia kwa heshima, aibu ikamshika. Huyu atanionaje? Hakuogopa polisi, hakuogopa faini. Aliogopa macho ya mtu asiyemjua hata jina.

"Mimi? Maji? Mwanangu, mimi ni mtu wa kanisa! Tangu nizaliwe sijawahi."

Wenzake nao wakaulizwa. Wote hawajawahi. Mtaa mzima wa malaika, na watoto wanaharisha!

Bibi afya angefanya nini? Aliwaamini. Jioni gari la matangazo likapita: visima ndivyo vyenye matatizo, chemsheni maji ya kunywa, na watoto wapeni maziwa mgando wapate nguvu. Baba yetu alisimama barabarani akiitikia kwa kichwa, kama vile amesifiwa yeye.

Akaingia nyumbani. Binti yake alikuwa amekuja kumsalimia, na mtoto wake ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Jagi la kabatini lilikuwa limekwisha, kwa hiyo binti alimimina kikombe kutoka kwenye dumu lililorudi na baiskeli. Kijiko kilikuwa kinakaribia mdomo wa mtoto.

"Usimpe! Mwaga! Mwaga hayo!"

Kijiko kikaanguka, mtoto akaangua kilio.

"Kuna nini, baba? Si wametangaza sasa hivi kwamba ni mazuri?"

Haya. Sasa ameulizwa tena, na safari hii na damu yake mwenyewe. Mnadhani alisema?

"Kuna nzi ameingia," akajibu.

Nzi! Mjukuu akasalimika, na kesho yake babu akapakia madumu akapita njia ileile. Wiki haikwisha, mama mmoja, mteja wake wa miaka yote, akamzika mtoto. Naye alikwenda msibani. Alikaa mbele kabisa, akalia kuliko wafiwa.

Mimi nina hasira, sifichi. Huyu hakubanwa. Aliulizwa kwa upole, bila jina, kwa ajili ya uhai wa watoto, na bado alichagua kuonekana mwema. Tena msiniambie hakujua! Kama hakujua, jagi la nyumbani alilitenga la nini?

Na sisi je? Mbona mnaanza kutazamana? Mwezi uliopita tuligawa karatasi hapa, zisizo na jina. Tuliuliza: unapunja mizani? Unachukua mali ya kazini? Unamdanganya mwenzi wako? Karatasi zote zimerudi safi. Hongereni sana! Basi nielezeni, mbona mke wangu akinunua nyama kwenu kilo haifiki kilo? Mbona wake kwa waume mnakuja kulia ofisini kwangu? Tutalitibu vipi kanisa ambalo kila mgonjwa anasema haumwi? Tunatibu visima, na mfereji unaendelea kutiririka. Na majagi ya nyumbani tunayo, kila mmoja na lake, kwa sababu tunajua tunachowauzia wengine.

Nimechapisha karatasi nyingine. Ziko pale mlangoni, na kalamu zipo. Jazeni upya kabla hamjatoka, na safari hii sitaki kusoma habari za nzi.