Kuku wa Vigae

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wengi wetu tuliambiwa methali hii utotoni, tuliponaswa na mapera mabichi mdomoni, tukadhani ni ya watoto. Maana yake ni kwamba anayekosa subira hulipoteza lile lile analolikimbilia, tena mara nyingi zikiwa zimebaki hatua chache tu. Mtoto akiponzwa na pupa huumwa tumbo, kesho akasahau. Mtu mzima hana bahati hiyo.

Palikuwa na stesheni masta mmoja aliyestaafu baada ya kupuliza filimbi kwa miaka thelathini na minne. Mtaani aliitwa Bwana Dakika. Alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, ila alitembea kama aliyeitwa, alikula kama anayefukuzwa, na salamu aliijibu kabla hujaimaliza. Mkewe alizoea kumtania, "Wewe mzee, siku yako ikifika utatangulia makaburini kabla ya jeneza." Naye hucheka, huku tayari ameshasimama.

Mkewe huyo alikuwa fundi cherehani. Macho yaliyotunga uzi kwenye tundu la sindano miaka nenda miaka rudi yalianza kufifia, kwanza pembeni, kisha hata mbele. Daktari wa macho hakuwaficha: presha ya macho ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa, na dawa zingechelewesha tu. "Miezi miwili, pengine mitatu," alisema. "Kuna asubuhi mtaona yamezidi kufifia, kisha yatatulia. Msiogope. Lakini zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Walirudi nyumbani. Mke aliinama uvunguni mwa kitanda akavuta katoni iliyofungwa kamba. Ndani mlikuwa na vipande vya sahani za marehemu mama yake, nyeupe, zenye ndege wa buluu kwenye kingo, zilizoanguka siku mchwa walipoimaliza rafu. Hakuwahi kuwa na moyo wa kuzitupa. Aliinua kipande kimoja kimoja akakisogeza karibu na pua ili akione.

"Ningependa kuviona vimekuwa kitu tena," alisema. "Si lazima sahani. Kitu chochote, kabla sijafunga duka."

Maneno hayo yalimwingia mumewe hadi kwenye mifupa. Kesho yake alibisha hodi kwa jirani yao, Fundi, mtu aliyetandika vigae kwenye sakafu za watu na, akipumzika, alijifurahisha kwa kuunda picha za vigae na vioo kwenye meza na vyungu vya maua. Aliposikia shida iliyomleta mgeni, alicheka hadi akajishika mbavu.

"Wewe, Bwana Dakika? Kazi hii haina filimbi, kaka."

Hata hivyo alimfundisha. Alimvalisha glovu na miwani, akampa koleo. "Usikikamue kigae. Kishike ukingoni tu, ubane, chenyewe kitajua pa kukatikia." Alimwonyesha kupanga vipande vikavu kwanza, akiacha kati yake mwanya wa unene wa njiti ya kiberiti, kisha kubandika kwa gundi, na mwisho kabisa kujaza ile mianya kwa saruji nyeupe laini. Lakini kati ya gundi na saruji, alisema, ni siku saba, ubao umelala kivulini, bila kuguswa.

"Saba zote?"

"Saba zote. Kigae na kioo havipitishi hewa. Gundi iliyo chini yake haina pa kupumulia ila kwenye ile mianya. Juu itakudanganya kwamba imekauka, na chini bado uji."

Kazi ya kwanza ilikuwa sinia dogo lenye picha ya ua la majani manne. Fundi, aliyemjua jirani yake nje ndani, alilifungia sinia hilo kabatini mwake na kutia ufunguo mfukoni. Kwa siku saba Bwana Dakika alikuja kugonga asubuhi na alasiri, na kwa siku saba alifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Siku ya nane sinia lilitoka kabatini, likajazwa saruji, likapanguswa, likang'aa. Alilibeba mtaa mzima akimwonyesha kila mtu. Hakujiuliza lingekuwaje kama ufunguo ungekuwa mfukoni mwake mwenyewe.

Ndipo alipoanza kazi kubwa. Marehemu mama mkwe alikuwa mfugaji wa kuku, hivyo picha ingekuwa ya kuku na vifaranga watano. Alijifungia stoo pamoja na ubao wa plaiwudi upana wa dirisha. Kiwiliwili alikiunda kwa sahani nyeupe, mabawa kwa zile kingo za buluu, upanga wa kichwani kwa kigae chekundu alichopewa na Fundi, vifaranga kwa vigae vya njano, na majani kwa chupa ya kijani. Jicho alilikata kutoka kwenye chupa ya dawa ya kahawia, akakosea mara sita, ya saba ikakaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa saa tatu bila kutazama saa. Ajabu ni kwamba aliipenda kazi ile, akaipenda kwa dhati.

Mkewe aliketi ng'ambo ya pazia la mlango wa stoo akisikiliza koleo likilia ka, ka, ka.

"Baba, niingie nimwone?"

"Bado. Utamwona akiwa ukutani, amekamilika."

"Nikichungulia tu nitaharibu nini?"

"Utaharibu utamu," alimjibu, na koleo likaendelea kulia.

Kipande cha mwisho kilibandikwa siku ya Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa walikaa kunywa chai. Mke aliinua birika, akamimina, na chai yote ikaenda kando ya kikombe, ikatambaa mezani hadi magotini mwa mumewe.

"Kikombe kimehama," alisema akicheka.

Mume hakucheka. "Macho yanaonaje leo?"

"Yana ukungu. Yatakaa sawa, mzee. Si daktari alituambia?"

Ni kweli daktari alikuwa amewaambia, na Bwana Dakika alikumbuka kila neno. Lakini hofu ilikuwa imeshamzidi. Alijiambia kwamba leo ndiyo siku, kwamba kesho kutakuwa giza, na gundi ni gundi tu. Aliutoa ubao nje akaulaza juani. Ilipofika adhuhuri aliugusa kwa kidole. Ulikuwa mkavu kama jiwe. Alikoroga saruji, akaijaza kwenye mianya, akapangusa kwa sponji iliyolowa maji. Kifaranga mmoja alisogea kidogo chini ya sponji. Alimrudisha mahali pake kwa dole gumba, akajifanya hakuona.

Fundi alikuwa akipita nje ya ua. "Umebandika lini hiyo?"

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

"Fundi, zamani ni zamani. Nenda zako."

Saa kumi na dakika kumi picha ilikuwa ukutani, kwenye misumari miwili. Alimshika mkewe mkono, akamkalisha kwenye kiti hatua tatu kutoka ukutani, akaenda kufungua pazia la dirisha ili mwanga uingie. Moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

"Ngoja," mkewe alisema, akipepesa. "Ngoja kwanza yazoee mwanga. Kuna kitu cha... ngoja, naanza kukiona."

Kikaanguka kipande kimoja, ta, mithili ya tone la maji. Kisha kifaranga. Kisha kifua chote cha kuku kiliteleza kwa pamoja, kikaburuta bawa na kichwa, vikaporomoka juu ya sakafu ya saruji kwa kishindo kilichowatoa majirani nje.

"Ni nini hicho kimeanguka?" mke aliuliza. Mumewe alisimama na pazia mkononi.

Fundi alifika mbio. Alichota kiganja cha vipande, akavitazama, akavirudisha chini. Alipitisha kidole ubaoni. Gundi ilikuwa mbichi, nyeupe kama maziwa.

"Hivi sasa ni kokoto, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Sahani nyembamba hivi, zimeshakatwa mara moja. Hazina pa kukatwa tena. Nilikuambia saba. Umeipa moja."

Bwana Dakika alipiga magoti akaanza kuokota, na vipande vikamkata vidole, akaendelea kuokota. Hakupata hata kimoja kilichozidi ukucha.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa haijaanza. Kesho yake mkewe aliamka macho yametulia, kama daktari alivyosema. Alifagia ua. Alipanga vifungo vyake kwa rangi. Aliona kila kitu mle ndani, hata ubao mtupu wenye makovu ya saruji. Mumewe alianza kuhesabu siku, maana kuhesabu ndiko alikokujua. Siku ya saba ilifika, siku ambayo gundi ingekuwa imekauka, na mkewe alikuwa akitunga uzi dirishani. Ikaja ya nane, ya tisa, ya kumi na tano. Kila kulipokucha na macho yale yakaona, alishukuru kwa mdomo huku rohoni akichomwa. Siku kumi na tisa. Asubuhi ya ishirini mkewe alimwomba afungue dirisha kidogo, mwanga uingie, na dirisha lilikuwa wazi.

Mumewe alikuja akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Nisimulie basi yule kuku," mke alisema. "Alikuwaje?"

"Alikuwa mweupe," mume alianza upesi upesi. "Na vifaranga watano, na jicho la kahawia, na..."

"Polepole, mzee. Sasa sina pa kwenda."

Alijaribu tena. Alifika kwenye bawa, kwenye ndege wale wa buluu wa mama mkwe, akalia kama mtoto. Mkewe alimsubiri amalize, uso ameuinua kutazama ukuta, na haukuwa ukuta ule alikotundikwa kuku. Mumewe hakuwa na ujasiri wa kumgeuza.

Zilihitajika siku saba, nao walikuwa nazo kumi na tisa. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu, wala hambakizii aliyeketi kando yake.