Joto la Kiti cha Nyuma

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wale wa mlangoni sogeeni ndani, baridi ya leo haina adabu, na mimi sipendi kuhubiria watu wanaotetemeka. Tumesoma habari ya kuwaheshimu wazazi, na nimeona vichwa vikitikisika. Kila mtu anajiona amefaulu. Basi niwape kisa cha mtu aliyefaulu kuliko sisi sote.

Kulikuwa na bwana mmoja katika milima hii hii. Jina silitaji, msije mkaanza kutazamana. Bwana huyu alimpenda mama yake, na sisemi kwa kejeli, alimpenda kweli. Alipopata gari, watu walidhani atalipeleka kwanza kwa shemeji zake wakalione. Yeye alilipeleka moja kwa moja kwa mama, akapiga honi hadi kuku wakatawanyika.

Lilikuwa gari la mtumba, lakini la kisasa. Katikati ya dashibodi palikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu za kijani. Unabonyeza, unachagua joto unalotaka, halafu hita inajiendesha yenyewe, inajiongeza na kujipunguza bila kukuuliza. Bwana wetu alichagua ishirini na nne, akaiacha hapo. Aliipenda ile ishirini na nne kuliko injini yenyewe. Nje ukungu umelala barabarani, watu wamejifunga mablanketi hadi masikioni, na yeye ndani amevaa shati la mikono mifupi kama yuko Tanga.

Mama alikuwa na kifua kibovu, na kila mwezi ilimlazimu kwenda kliniki katika hospitali ya wilaya, safari ndefu ya kupanda na kushuka. Mwanawe akasema taabu imekwisha. Akamfungulia mlango wa nyuma. Mnajua wenyewe, kwetu mtu wa heshima hukaa nyuma. Askofu hukaa nyuma, mkuu wa wilaya hukaa nyuma, bibi harusi hukaa nyuma. Angemweka wapi mama yake, mbele kama kondakta? Kwenye kiti cha mbele alilaza koti lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa."

"Basi tulia, ule raha. Humu ndani ni ishirini na nne."

Wakaenda, wakarudi. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Baada ya hapo mama akaanza visingizio. Mara magoti yanauma, mara ana mgeni, mara dawa za nyumbani zinamtosha. Siku moja mwanawe alikuja na gari limeoshwa linang'aa, akakuta mama amefunga mlango, anaongea naye kupitia dirishani. "Nenda tu na shughuli zako, baba. Mimi niache."

Hapo moyo ulimuuma sana. Akarudi kwa mkewe akiwa mnyonge. "Mama ana kinyongo na mimi," akamwambia, "na sijui nimemkosea nini." Alikuwa na aibu, alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, kwa sababu kile kikohozi alikisikia hadi uani, na alijua mtu wa kifua akiacha kliniki anaishia wapi. Ninyi mngefikiri nini? Si tungesema mkwe ndiye aliyeharibu mambo? Semeni kweli, tuko kanisani.

Wakati huo huo gari nalo likasusa. Asubuhi moja zile tarakimu zilizimika, hita ikakata, kioo cha mbele kikajaa mvuke, na bwana wetu akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha mpaka gereji. Fundi akafungua, akapuliza, akagonga hapa na pale.

"Ubongo wa hita umeungua," akasema. "Kupata mwingine ni kuagiza, na sikuhakikishii kama utakubali. Ila nina swichi za kuzungusha, nilizitoa kwenye gari ya zamani ya aina hii hii. Nikufungie?"

"Zinaonyesha joto limefika ngapi?"

"Hazionyeshi kitu, bosi. Nyekundu huku, bluu huku. Unazungusha unavyosikia mwilini."

Bwana wetu aliona gari lake limeshushwa cheo mbele ya watu. Lakini angefanyaje, na ukungu ule? Akakubali. Kioo kikang'olewa, mahali pake zikakaa swichi tatu nene za plastiki, moja imechubuka. Akaondoka bila hata kumuaga fundi vizuri.

Wiki haijaisha, akaitwa mbio kwamba mama amezidiwa. Akamkuta kikohozi kimembana, hana hata nguvu ya kukataa. Akambeba, akamkalisha nyuma, akamfunika shuka, akashika njia. Akaizungusha swichi upande wa nyekundu, akasubiri. Imetosha? Haijatosha? Akatupa jicho katikati ya dashibodi kama alivyozoea. Hapakuwa na tarakimu. Hapakuwa na kitu cha kumtangazia mama. Na kwa kuwa hakuwa na cha kumwambia, siku hiyo ikabidi amuulize.

"Mama, joto linafika huko nyuma?"

Akatega sikio. Akadhani hajasikia, au amelala, au limetokea lile alilokuwa akiliogopa. Kisha mama akajibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuudhi.

"Halijawahi kufika, baba."

"Unasemaje?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Huku nyuma ni baridi tupu. Nikirudi nyumbani nakaa jikoni mpaka jioni ndipo miguu inakuwa yangu tena."

Akasimamisha gari pembeni. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaishika miguu ya mama yake. Ilikuwa ya baridi kama bomba la maji alfajiri. Kumbe ile mashine ilikuwa ikipima joto karibu na goti la dereva. Goti likishapata joto, inajipunguza yenyewe, kazi imekwisha. Ishirini na nne ilikuwa kweli kabisa, lakini ilikuwa yake peke yake.

"Mbona hukuniambia, mama?" Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Ningekuambia nini? Kila tukipanda unasema humu ni ishirini na nne, na umefurahi. Nikasema kama gari lina joto, basi baridi hii ni ya kwangu, ndio mwanzo wa kufa. Sikutaka nikufie garini mwako."

Wapendwa, bwana yule alilia pale barabarani, mtu mzima, na malori yanapita. Kisha akalitupa koti lake nyuma, akambeba mama yake, akamketisha mbele. Akaizungusha swichi hadi mwisho wa nyekundu, akaelekeza upepo miguuni. Mama akavua viatu. Kona mbili tatu, akaifungua shuka. Kona nyingine, akajinyoosha, akaanza kuongea. Akaongea habari za mbuzi wa jirani, akaongea habari za mahindi, akauliza kwa nini mjukuu wake amenyolewa vibaya vile. Kikohozi kilikuwepo bado, lakini mama alikuwa amerudi.

Hospitalini alipewa dawa, na daktari akasema kifua kitatulia, mradi asiache tena kliniki. Bwana wetu akatoka nje kwenye veranda, akashusha pumzi ndefu. Mama hakuwa na kinyongo. Mama hakuwa anakufa. Mama alikuwa anasikia baridi tu! Akacheka peke yake mpaka nesi akasimama kumtazama, akidhani na huyu naye ni mgonjwa. Na wakati wa kurudi, nusu ya njia, mama alimgusa mkono akasema, "Punguza, baba, unanichemsha." Akapunguza. Siku zote za maisha yake hajawahi kusikia lalamiko tamu kama lile.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siwaambii mkang'oe vioo vya magari yenu. Wengine humu hata baiskeli hamna, na mimi nimo. Ninauliza hivi. Bwana yule alimheshimu mama yake? Alimheshimu. Alimpenda? Alimpenda. Na alikuwa amebakiza kidogo amzike kwa heshima hiyo hiyo na upendo huo huo.

Je, sisi? Tunasema shikamoo, tunajibiwa marahaba, tunaondoka tumeridhika. Ni lini uliwahi kumsikia mzee akiitikia shikamoo kwa kusema, nina njaa? Mtoto yuko bweni, ripoti ni nzuri, tunasema anaendelea vizuri. Mke amekuwa mkimya siku hizi, tunasema nyumba ina amani. Baba yuko kijijini, tumemtumia ujumbe, amerudisha kidole gumba, basi ni mzima. Goti letu likipata joto, tunadhani gari zima lina joto. Na wale tunaowapenda wanatetemeka nyuma yetu, hawasemi, kwa kuwa hawataki kutuharibia furaha.

Mungu anajua baridi yetu kabla hatujafumbua mdomo, na bado anatuketisha karibu naye na kutusikiliza mpaka tumalize. Sasa mimi na wewe tusiojua chochote, tunapata wapi ujasiri wa kutouliza?

Kuna mtu utamkuta nyumbani leo. Usimwambie unampenda, hilo ameshalisikia. Usimwambie umemfanyia nini. Muulize. Na ukishamuuliza, nyamaza, nyamaza kabisa, hata kama anachelewa, mpaka ajibu.