Mfalme Kwenye Mkeka wa Chekechea

Hii nimetumiwa asubuhi, nikaisoma mara mbili chai ikanipoea. Msiniulize ni nchi gani iliyokuwa na mfalme na chekechea kwa wakati mmoja. Nimeipokea hivyo, nami naipitisha hivyo.

Palikuwa na mfalme aliyeitwa Lukindo. Alijijengea chumba kipya cha kulala, kikubwa kuliko msikiti wa mjini, chenye kuta za matofali mekundu na kitanda cha mninga. Tangu usiku wa kwanza humo ndani, hakupata hata lepe la usingizi. Alidhani ni kitanda, wakakigeuza. Akadhani ni rangi ya pazia, wakalibadilisha. Wakamnywesha maziwa ya moto yenye iliki, wakamletea mpiga zeze. Mpiga zeze ndiye aliyelala.

Mwishowe mganga wake akapiga magoti.

"Mtukufu, sikufichi. Mwezi ukiandama nawe bado u macho, tutakuzika."

Zilikuwa zimebaki siku tano.

Kesho yake mchana, mfalme alivaa kanzu kuukuu na kofia iliyofifia, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaanza kutembea bila kujua aendako. Asiyelala huona dunia kivyake. Njia ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu chini ya miguu yake. Sauti zilimfikia zimechelewa. Mbuzi alimtazama, naye akamwamkia.

Akafika kwenye ua wa shule ya watoto wadogo, akaegemea dirisha.

Ndani kulikuwa na watoto kama thelathini. Wengine walikuwa chini wakipanga vizibo vya soda na kuvihesabu, wakifika kumi na tisa wanarudi kumi na tatu bila aibu. Wengine waliandika herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga, wanafuta, wanaandika tena. Pembeni kabisa, watatu walikuwa wakifinyanga ng'ombe kwa mchanga uliolowanishwa. Kila ng'ombe alipopata miguu, alianguka. Wakacheka, wakaanza upya.

Mwalimu wao, mama mmoja mpole aitwaye Sauda, alimwona yule mzee dirishani.

"Karibu, mzee. Unatafuta mjukuu?"

"Napumzika tu, mwalimu. Mbona hao wanafinyanga mchanga? Hausimami huo."

"Udongo wenyewe haupatikani siku hizi," alisema Mwalimu Sauda. "Nao hawajali. Wanajua kuanza upya."

Mfalme akayageuza macho.

Uji ukaletwa, ukanywewa, midomo ikafutwa kwa mikono na mikono ikafutwa kwa mashati. Kisha mwalimu akapiga makofi mawili. Mikeka ikatandikwa, kila mtoto akakaa kwenye wake, akanyoosha viganja wazi mbele yake.

"Kilicho chako?" akauliza mwalimu.

"Ninacho!"

"Kisicho chako?"

"Narudisha!"

Hapo darasa zima likainuka. Huyu alimpelekea mwenzake penseli. Yule alitoa kizibo shavuni, akakipangusa, akakirudisha. Mmoja alirudisha nusu ya biskuti iliyokwisha kulambwa, na mwenyewe akaipokea kwa furaha kabisa. Kila mmoja alisimama mbele ya mwenzake, akamtazama machoni, akasema, "Hiki ni chako." Kisha wakarudi kwenye mikeka.

Sijui kama mmewahi kusikia watoto thelathini wakisinzia pamoja. Kwanza ni kunong'ona, halafu kukohoa, halafu pumzi tu, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Vumbi lililokuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha nalo likatulia. Mfalme aliwatazama, akawaonea wivu mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, una nini?" aliuliza mwalimu kwa sauti ya chini.

"Natafuta usingizi, mwanangu. Sina kingine."

Mwalimu Sauda alitaka kucheka, lakini aliyaona yale macho mekundu, akaacha.

"Mkeka wa Sefu uko wazi, leo hakuja. Jilaze."

Mfalme Lukindo, mwenye kitanda cha mninga, alijilaza kwenye mkeka wa Sefu. Miguu yake kuanzia magotini ilibaki sakafuni. Alifumba macho, akangoja. Usingizi ulikuja mpaka mlangoni, akausikia kabisa, ukasimama hapo, ukaondoka.

Alipofumbua macho, alikuta mtoto wa kike amechuchumaa kichwani pake. Huyo alikuwa Zaina, kiranja wa mikeka, mwenye umri wa miaka mitano na pengo mbele.

"Babu, mbona hulali?"

"Hauji."

"Fungua mkono."

Mfalme akafungua.

"Na huo mwingine."

Akafungua na huo. Zaina alivichungulia viganja vyote viwili, akavigeuza, akakuna kichwa.

"Basi ni kikubwa," akanong'ona. "Hakikuenea mkononi."

"Nini?"

"Hicho cha watu ulichochukua. Mimi nilichukua ndoo ya bibi wa jirani. Siku mbili sikulala. Kumbuka tu, babu, utakiona."

Akaenda zake kwenye mkeka wake, akajikunja, akalala hapo hapo.

Mfalme alibaki akitazama dari. Hakuhitaji kukumbuka sana. Aliliona bonde la udongo mwekundu alilolizungushia ukuta miaka mitatu iliyopita, apate matofali ya chumba chake. Bonde lilikuwa la Bi Mwajabu, mfinyanzi. Wakati ule watu waliguna, wakasema mwenye nguvu mpishe, wakapisha. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Bi Mwajabu hata hilo gae hakubaki nalo.

Mfalme alirudi ikulu karibu akikimbia. Kabla jua halijatua, askari walikuwa wameuvunja ule ukuta wote. Barua yenye muhuri ikaandikwa, ikapelekwa kwa Bi Mwajabu na mjumbe mwenye kilemba. Mfalme akapanda kitandani akitabasamu.

Majogoo walimkuta macho kodo.

Sasa alikasirika. Mchana alirudi chekechea, akamkuta Zaina nje akiosha kikombe chake cha uji.

"Wewe mtoto umenidanganya! Nimerudisha, tena chote, na bado sikulala."

Zaina hakuogopa. Aliendelea kusugua kikombe.

"Ulienda mwenyewe?"

"Nilimtuma mtu."

"Huku kwetu hatutumi mtu, babu."

"Kwa nini? Si kitu ni kile kile?"

"Yeye siye aliyechukua," alisema Zaina.

 Mfalme alikuwa ameamua kesi za nchi nzima kwa miaka ishirini, na hili hakuwahi kulifikiria. Aliketi kwenye ngazi ya darasa, pale watoto wanapoachia kandambili.

"Unaogopa?" aliuliza Zaina.

"Naogopa," alisema mfalme, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo tangu utotoni.

"Hata mimi niliogopa. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni kwa bibi, halafu akaniachia mkono. Akasema niingie peke yangu."

Mfalme akainuka, akaenda peke yake. Njia ilikuwa fupi, lakini siku ile ilirefuka. Mara mbili aligeuka kutaka kurudi. Alichokuwa akikiogopa si laana ya yule mama wala kelele zake. Aliogopa kutazamwa.

"Hodi," alisema kwenye ua wa makuti.

"Karibu."

Bi Mwajabu alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya kunde. Alikuwa mzee kuliko alivyotazamia. Mfalme aliyeamkiwa na watu wote na asiyemwamkia mtu, labda mbuzi, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Lile bonde ni lako. Nililichukua mimi. Si askari, si washauri wangu. Mimi. Nimekuja kukurudishia, na kukuomba radhi."

Bi Mwajabu alimenya ganda moja, akamenya la pili. Kunde zikadondoka bakulini. Mfalme alisimama na mikono yake mitupu, hajui aiweke wapi.

"Barua yako niliipata jana," alisema mwishowe. "Nikawashia moto. Bonde nililiona limerudi, wewe sikukuona."

"Ni kweli."

"Miaka mitatu, Lukindo. Mume wangu amekufa akiutazama ukuta ule. Leo sina neno tamu la kukupa. Pengine kesho, pengine hata kesho sitakuwa nalo."

"Sikuja kudai neno tamu, bibi."

Alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, usoni, machoni, mfalme naye hakukwepa. Ilimuuma, kweli ilimuuma, akalia mbele ya yule mama bila kujificha.

"Umekuja, lakini," alisema Bi Mwajabu kwa sauti ya chini. Akasogeza bakuli, akampisha upande mmoja wa mkeka. "Kaa. Jua kali."

Akakaa. Upepo ulipita kwenye makuti. Kunde zilidondoka bakulini moja moja, to, to, to. Kuku alikuja, akamtazama mfalme, akaendelea na safari zake. Mfalme alitaka kusema jambo jingine, akasahau ni jambo gani. Hakujua kichwa chake kiliufikia mkeka saa ngapi.

Jioni walinzi wa ikulu, waliokuwa wamemtafuta mji mzima, waliingia uani na mikuki yao. Wakamkuta bwana wao amejikunja, mdomo wazi, mate yanamtoka, anauchapa usingizi wa pono. Mkuu wao akapaza sauti:

"Mfalme! Mtukufu Mfa..."

Bi Mwajabu akaweka kidole mdomoni, akawakemea wote kwa mnong'ono:

"Nyie, hebu tulieni! Hamwoni mtu amelala?"

Funzo: Ulichokichukua kwa mkono wako hakirudi kwa mkono wa mwingine. Hadithi hii watumie watu wote unaowapenda, ila yule uliyemkosea. Huyo usimtumie, inuka umwendee.