Harusi Iliyopanda Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, niwapandishe mlimani.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chini ya mlima wa ukungu. Juu, penye majabali, liliota ua dogo la samawati. Watu waliliita ua la harusi, maana hakuna binti aliyeolewa bila kuvikwa taji lake. Aliyeyachuma maua, akasuka mataji, alikuwa Bibi Mghoi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake.

Ikafika zamu ya mjukuu wake, Wakesho, kuolewa. Bibi akashika mkongojo. Ko, ko, ko, akapanda. Jabali la kwanza, hakuna. Jabali la pili, hakuna. Kando ya kijito, hakuna. Akapanda, akapanda, magoti yakamuuma. Mwisho, chini ya mwamba, akaona shina moja limechanua. Moja tu! Nyuki, vuuu, wamelizunguka. Mbegu zilikuwa bado changa.

Bibi akanyoosha mkono. Akaurudisha. Akaketi, akayakumbuka mataji yote aliyoyasuka, na moyo ukamuuma.

Akarudi mikono mitupu.

Wakesho alipomwona, machozi yakamlengalenga. Mama wa bwana harusi, Mkawasi, akaja juu. "Mwanangu aoe binti wa kichwa kitupu? Watu watatucheka!"

"Limebaki shina moja, mama," Bibi akasema. "Nikilichuma leo, wajukuu wako watalisikia kwa masimulizi."

"Sasa harusi tuivunje?"

"Hatuivunji. Tunaihamisha. Safari hii bi harusi ndiye atakayelifuata ua."

Wakesho akafuta machozi, akakaza nguo kiunoni. "Twende, bibi."

Wakapanda wote. Ngoma tindi, tindi! Mkawasi nyuma, anatweta, ananung'unika. Alipofika mwambani akasimama mbele ya ua. Tangu azaliwe alikuwa amelizoea likiwa limenyauka kichwani mwa mtu. Kwenye shina lake, na umande, hakuwahi kuliona. Akapiga magoti, akanusa, akacheka.

"Kumbe linanukia hivi!"

Wakesho akaozwa papo hapo kando ya ua, na Mkawasi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Wanaume wakapanga mawe kuzuia mbuzi. Mbegu zilipokauka, Bibi na wanawake wakazipenyeza kwenye nyufa za miamba. Mvua ikanyesha. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda, na kila harusi ikapanda mlimani. Shina likawa mashina, mashina yakawa zulia la samawati.

Bibi Mghoi alikuwa kikongwe wa kukaa mlangoni vijana walipomjia. "Bibi, maua sasa ni tele. Tuanze tena kuyachuma?"

"Waulizeni mabinti. Vichwa ni vyao."

Wakawauliza. Mabinti wakaruka: "Hee! Tukivikwa taji nyumbani, mlimani tutacheza lini?"

Bibi akacheka mpaka mkongojo ukamdondoka. Na hivyo ndivyo kijiji kinavyomkumbuka hadi leo, akicheka.

Basi nanyi, mkikuta kitu kizuri kimebaki kidogo, kiacheni kizae kwanza.

Hadithi yangu naitua hapa, miguu ipumzike.