Benchi Refu la Nyuki

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana lami ilishafika Morogoro, palikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya wasichana iitwayo Nyuki. Ilikuwa na wachezaji kumi na wawili, na wote mpira wanaujua. Msidhani hiyo ni neema tupu. Timu yenye benchi fupi, kila mtoto anacheza. Timu yenye benchi refu, nusu ya watoto wanajifunza kupiga makofi.

Kocha wao, Sikudhani, alikuwa na desturi yake. Mchezaji wa akiba hakai bure mazoezini. Anapewa adui wa kumwiga, ili wale watano wa kwanza wajizoeze kumkaba adui huyo kabla hawajakutana naye. Tunu akapewa Jenifa, mfungaji hatari wa timu ya Radi, anayetumia mkono wa kushoto. Basi Tunu akawa Jenifa. Akadunda kwa kushoto, akarusha kwa kushoto, hata ugali akaanza kuumega kwa kushoto, mpaka mama yake akamzaba kofi. Mkono wa kulia ukasahau kulenga.

Fainali ikawa Nyuki na Radi. Jukwaani alikaa mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni, ana nafasi moja ya kumsomesha mchezaji bure. Wale watano wa kwanza walikwisha kuonekana na kupata shule zao, kwa hiyo macho yake yalikuwa benchi. Akasema wazi: "Sichukui wa kusimuliwa. Nachukua niliyemwona akicheza."

Zikabaki dakika mbili. Nyuki wako nyuma kwa pointi moja. Anjela, nyota wa Nyuki, akapata faulo ya tano, akatolewa. Kocha akaomba mapumziko. Nafasi ni moja, na wasichana watatu wakasimama kwa pamoja.

"Niingie mimi, Kocha," akasema Tunu. "Jenifa leo kabanwa mpaka anataka kulia. Wenzangu walijifunzia kwa nani kumkaba? Mwakani umri umenipita, na sijacheza mechi hata moja."

"Sasa dada Tunu, utafunga kwa mkono gani?" akadakia Hidaya. "Wako au wa Jenifa?"

Benchi likacheka. Tunu hakucheka.

Hidaya akamgeukia kocha. "Mimi nilikuwa nahama. Timu ya Simbi wako saba tu, ningecheza mpaka nichoke. Ukaja nyumbani, ukakaa mkekani kwetu, ukamwambia baba: 'Mwache abaki, fainali atacheza.' Nikabaki. Baba yule pale, kavaa kanzu ya Idi kwa neno lako."

Kocha akatazama jukwaani, akaiona kanzu, akainamisha uso.

Wa tatu alikuwa Chausiku, mdogo kuliko wote. "Samahanini, dada zangu. Kwenye nusu fainali Anjela alipoteguka, nani aliingia akafunga vikapu vya kutuvusha? Mnataka haki au mnataka kombe?"

"Wewe una miaka mbele yako, mtoto!" Tunu akafoka.

"Kikapu hakiulizi umri, dada. Na shule na mimi naitaka."

Hapo Anjela, taulo kichwani, akasema: "Kocha, nisikufiche. Mechi zile tulizowaacha watu kwa pointi thelathini, ungeniketisha. Umewaweka hawa kama sufuria za shughuli, kabatini zinang'aa, leo ndiyo unakumbuka kuna moto."

Kocha akageukia ubao wa pointi.

Refa akapuliza filimbi. Wanne wa Nyuki wakarudi uwanjani, wakageuka kumtazama kocha. Kule jukwaani mwalimu akasogea mbele kwenye kiti.

Sasa msiniambie "wote". Sheria ni watano, na mwenye kujibu "wote" hajajibu kitu. Wala msiniambie "bora kombe", kisha mkaenda kuwahimiza watoto wenu wawe na subira. Na wewe unayenong'ona kwamba ahadi ni ahadi, sema kwa sauti, Tunu akusikie.

Haya, filimbi imelia. Zile dakika mbili alizistahili nani: Tunu, Hidaya, au Chausiku?