Ngiri na Nyumba ya Rehani

Paukwa!

(Pakawa!)

Sijasikia. Mmekula, mmeshiba, sauti mmeziacha kwenye sahani? Paukwa!

(Pakawa!)

Haya, sogeeni. Zamani hizo, zamani ambazo mimi sikuwepo, na aliyenisimulia hakuwepo, ngiri hawakuwa na nyumba. Walilala popote. Jua likiwaka, juu yao. Mvua ikinyesha, juu yao.

Alikuwapo Ngiri mmoja na mkewe, Bi Mashavu, na watoto wao watatu. Mwaka mmoja mvua ikanyesha, chwaa, chwaa, chwaa, haikujua kupumzika. Watoto wakatetemeka. Wakakohoa. Bi Mashavu akasema, "Baba watoto, nimechoka kulala majini kama kambale. Twende kwa Muhanga."

Muhanga alikuwa fundi wa nyumba. Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe. Nyumba zake alizichimba ardhini. Nje kukiwa na joto, ndani baridi. Nje kukiwa na baridi, ndani joto.

"Shikamoo, Mzee Muhanga."

"Marahaba. Semeni."

"Tunataka nyumba."

"Mna nini?"

"Hatuna kitu."

Muhanga akajikuna sikio. "Basi nitawachimbia kwa rehani. Mimi chakula changu mchwa, na uzee umeniingia, vichuguu vya mbali sivifiki. Kila mwezi ukiandama, mtaniletea kikapu kimoja cha mchwa wakavu. Vikitimia vikapu arobaini, tumemalizana. Mkishindwa njiani, mnatoka."

Ngiri akauliza, "Kwa hiyo nyumba itakuwa yetu?"

"Yenu."

"Siyo yako tena?"

"Yangu."

"Yetu au yako?"

"Mnakaa, mnalala, mnapika, ni yenu. Lakini mpaka mmalize, ni yangu."

Ngiri akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Ngiri. Hakuna aliyeelewa. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, watoto wanakohoa. Wakasema, "Tumekubali."

Muhanga akachimba. Chaku! Chaku! Chaku! Udongo ukaruka nyuma, purrr! Nyumba ikawa tayari. Wakaingia. Ngiri akalala siku nzima kwenye ukavu, hata kula hakukumbuka.

Basi wakaishi. Bi Mashavu akapanda maboga mlangoni. Akapanda matango. Akapanda viazi. Ngiri naye akajenga kibaraza cha udongo, akakipiga kwa kwato, pa, pa, pa, kikawa laini kama ukili wa mkeka uliosukwa vizuri. Jioni walikaa hapo na watoto wao. Ngiri alikitazama kibaraza, akakitazama tena, akacheka peke yake, akawaza kuchimba na sebule ya pili. Na kila mwezi ulipoandama, alipeleka kikapu kwa Muhanga. Kimoja tu. Deni likapungua polepole, polepole, mpaka likabaki nusu.

Siku moja akapita Kobe. Akasimama. Akatoa kichwa.

"Ngiri, unafanya nini?"

"Napanua bustani ya mke wangu."

"Lo! Una deni, nawe unapanda maboga? Kila saa unayolima ungekuwa unatafuta mchwa! Lipa kwanza. Mimi unavyoniona, sidaiwi na mtu."

Ngiri akashtuka. Akaacha kulima. Akatupa miche. Akakimbilia vichuguuni.

Kesho yake akapita Kanga, mapambo yake mgongoni, kichwa juu.

"Ngiri, mbona miche imelala juani?"

"Nalipa deni kwanza."

"Hee! Utalipa mpaka meno yakutoke, halafu ufe, na maboga hujaonja? Maisha ndiyo haya, bwana. Furahi! Mimi unavyoniona, sina wasiwasi."

Ngiri akashtuka. Akaacha vichuguu. Akaenda kuokota miche.

Keshokutwa Kobe akarudi. Ngiri akaacha miche. Kanga akarudi. Ngiri akaacha vichuguu. Jamani! Akawa anakwenda nusu ya njia, anageuka. Anarudi nusu ya njia, anageuka. Mwisho akasimama katikati, mguu mmoja juu, akaimba:

*Nilipe au nilime?*
*Nilime au nilipe?*
*Kichwa changu, ee, kichwa changu!*

Imbeni nami. (Kichwa changu, ee, kichwa changu!)

Bi Mashavu akamwambia, "Baba watoto, Kobe nyumba yake alizaliwa nayo mgongoni. Kanga analala mtini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuweka nyumba rehani. Kwa nini unawauliza hao?"

"Sikuwauliza," Ngiri akasema. "Wananiambia wenyewe."

"Basi usiwasikilize."

"Lakini Kobe anasema kweli."

"Ndiyo."

"Na Kanga anasema kweli."

"Ndiyo."

"Sasa nifanye nini?"

Bi Mashavu akaokota miche iliyolala juani, akaenda kuimwagilia.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Ngiri akatoka nje, akamkuta Fisi. Fisi anaizunguka nyumba. Ananusa mlango, fu, fu, fu. Anapima upana wake kwa mabega. Anakaa kwenye kibaraza, anainuka, anakaa tena.

(Alikuwa anapima nini?)

Swali zuri, Zuhura. Ngiri naye aliuliza hivyo hivyo. "Fisi, unapima nini?"

"Kibaraza kizuri," Fisi akasema. "Umekijenga mwenyewe? Ahsante. Maboga sili, nitayang'oa. Kwa heri." Akaondoka anachechemea na kucheka.

Ngiri akakimbia, vumbi nyuma, mkia juu, mpaka kwa Muhanga. Hata shikamoo akaisahau. "Mzee! Fisi anapima nyumba yangu!"

Muhanga akainamisha masikio. "Mwanangu, mimi hutembea gizani. Fisi ananivizia kila njia. Ameniambia, nikimpa deni lako, wewe umlipe yeye, na ukishindwa nyumba iwe yake, ataniacha nipite salama. Nikaogopa. Nikamwambia asubiri mvua za masika."

"Nikimlipa yeye kuna tatizo gani?"

"Atakuja kudai na watoto wako wanacheza mlangoni."

Ngiri akageuka kutazama njia ya nyumbani.

"Ila," Muhanga akasema, "ukimaliza kabla ya masika, sitakuwa na deni la kumpa."

Ngiri akarudi nyumbani mbio. "Hakuna bustani! Hakuna kibaraza! Hakuna kitu! Mchwa tu!" Akang'oa maboga, ngwa! Akang'oa matango, ngwa! Akawapeleka watoto vichuguuni, akampeleka mkewe, akaenda mwenyewe. Walichimba, walikausha, walijaza vikapu. Watoto wakakonda, kwa sababu mchwa wote waliingia vikapuni na bustani haikuwepo. Ufa ukatokea juu ya mlango. Bi Mashavu akasema, "Baba watoto, tuuzibe." Ngiri akasema, "Deni kwanza." Maji ya mlimani yakaanza kufuata njia ya mlangoni. Bi Mashavu akasema, "Tuchimbe mtaro." Ngiri akasema, "Deni kwanza!"

Mvua moja ikaja kabla ya wakati wake. Haikuwa masika, mvua ya kupita tu. Chwaa! Maji yakaingia mlangoni. Ufa ukafunguka, gubu! Udongo ukaanguka juu ya vikapu. Mvua ilipokatika, mchwa wote walikuwa tope, na ndani kunanuka. Mtoto mdogo akauliza, "Baba, tunalipia nyumba gani?"

Ngiri akakaa kwenye matope. Hakuimba. Machozi yakamtoka, yakapita kwenye mashavu yake yenye vinundu.

Bi Mashavu akakaa karibu naye. Alikuwa amekasirika, msidhani hakukasirika. Akakwangua tope kwenye kikapu mpaka hasira ikapungua. Kisha akasema, "Mume wangu, nyumba ikianguka tutakuwa tumelipia shimo. Tuanze na mtaro, kisha ufa. Halafu bustani ndogo, ya kula na ya kutufurahisha macho. Sebule ya pili uliyokuwa unaitaka, ile ingoje. Vinavyobaki vyote, nguvu yote inayobaki, tunapeleka kwa Muhanga. Siyo kikapu kimoja. Viwili. Vitatu tukiweza."

"Tutawahi?"

"Sijui."

"Na kama hatutawahi?"

"Sijui, baba watoto. Lakini hivi ulivyokuwa unafanya, mwisho wake nimeshaujua."

Wakaanza. Walichimba mtaro, maji yakapata njia nyingine. Waliziba ufa kwa udongo wa kichuguu, ule unaoshika kama saruji. Bi Mashavu akapanda tena maboga, matango na viazi, na ili ardhi isikauke akatandaza mabua makavu na nyasi juu yake. Wakamwagilia. Wakangoja.

Asubuhi moja akainua mabua aone kama maboga yameota. Akapiga kelele, "Uuui! Baba watoto, njoo!"

Ngiri akaja mbio, akidhani Fisi. Akatazama. Chini ya mabua mchwa wamejaa, wanatembea juu ya wenzao! Wamefuata mabua makavu, hapo hapo mlangoni.

Ngiri akakuna kichwa. "Sasa hii ni bustani au ni deni?"

"Inua kikapu," Bi Mashavu akasema. "Utauliza baadaye."

Ikawa hivyo. Asubuhi wanamwagilia maboga, wanakusanya mchwa. Mchana wanakausha. Jioni wanakula viazi kibarazani, watoto wananenepa, Ngiri anakipiga kibaraza kidogo, pa, pa, kwa raha yake tu. Mwezi ukiandama wanapeleka vikapu viwili, mara nyingine vitatu. Zipo siku walipungukiwa. Zipo siku Ngiri alisimama katikati ya bustani, mguu mmoja juu, na mkewe akamgonga kwa pua, "Shusha mguu." Akashusha.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Meusi, mazito, grrr, grrr. Siku hiyo Ngiri na mkewe wakabeba vikapu vya mwisho mpaka kwa Muhanga. Wakavitua.

"Arobaini," Ngiri akasema.

Muhanga akatazama vikapu. Akatazama mbingu. Akavitazama tena vikapu. "Umewahi."

"Ndiyo."

"Mbona umewahi? Hakuna aliyewahi kuwahi. Mimi nilijipangia kula mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wa muda. Sasa miezi inayobaki nitakula nini?" Akajikuna sikio la kulia, akajikuna la kushoto. "Nadhani mniongezee vikapu, kwa sababu mmewahi."

Ngiri akachanganyikiwa kabisa. "Nikichelewa, natoka. Nikiwahi, naongeza. Mzee, nikulipe lini?"

Bi Mashavu akasogea mbele, taratibu, kwa adabu. "Mzee wetu, tulipatana vikapu arobaini. Leo vimetimia, na mchwa wakavu hawaozi. Ukila kidogo kidogo, miezi itatosha. Na jambo lingine. Wewe hutaki kutuuza. Unamwogopa Fisi. Basi pita mlangoni kwetu kila utokapo. Mume wangu ana meno, nami nina meno. Ukiita, tunatoka."

Muhanga akavivuta vikapu kwake. Akasema, "Nyumba ni yenu."

"Na yako?" Ngiri akauliza, maana alitaka uhakika.

"Hapana. Yenu. Yenu tu."

Wakarudi nyumbani. Masika ikaanza, chwaa, chwaa, chwaa! Na Fisi akaja.

"Hodi! Nimefuata nyumba yangu."

Ngiri alikuwa ameingia ndani akitanguliza mkia, kinyumenyume, kichwa kikabaki mlangoni. Meno yakang'aa. "Nyumba gani?"

"Muhanga aliniahidi deni lako."

"Deni lipi?"

"La vikapu."

"Limekwisha."

"Limekwisha vipi? Muda bado!"

"Muda bado," Ngiri akasema, "deni limekwisha."

Fisi akafikiri. Mvua inamnyeshea. Akafikiri tena. Akainua mguu aingie, Ngiri akaguna, hrrm! Akaurudisha. Akaondoka anachechemea, analoa, anajiuliza, "Muda bado, deni limekwisha? Muda bado, deni limekwisha?" Na tangu siku hiyo, ngiri akiingia nyumbani kwake hutanguliza mkia, aweze kumjibu anayebisha hodi.

Mwezi uliofuata ukaandama. Ngiri akaamka mapema. Akachukua kikapu. Akatoka. Akafika njiani, akasimama. Akatazama huku. Akatazama kule.

Bi Mashavu akaita kutoka bustanini, "Unakwenda wapi?"

"Sijui," Ngiri akasema. "Naona kama kuna kitu nimesahau."

"Hujasahau kitu. Hudaiwi."

"Mbona naogopa?"

"Hujazoea. Njoo ukae."

Ngiri akarudi. Akakaa kibarazani. Bi Mashavu akamletea tango, akalivunja, pwa, wakagawana na watoto. Ngiri akala. Akautazama ukuta, akautazama mlango, akayatazama maboga. Mara akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na hakujua yametoka wapi. Mkewe akamsogezea kipande kingine cha tango.

Basi, wakubwa na wadogo, funzo lake ni hili. Deni la nyumba lilipe mapema uwezavyo, uwe huru nalo. Lakini usiibomoe nyumba wala kuwanyima chakula na furaha walio ndani yake ili uilipie, maana hao ndio uliowajengea. Na ushauri wa asiyedaiwa, usikie, kisha ukae na mwenzako mpange yenu.

Mimi nimewaacha wanakula tango. Hawakunikaribisha, nikaja zangu kwenu. Hadithi yangu imefika mlangoni na imeketi.