Jino la Juu la Mtoto wa Mashavu

Paukwa!
Pakawa!
Mbona wa nyuma hamsikiki? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji cha watu kama mimi na wewe, alikuwapo mkunga mmoja, Bi Mize. Bibi huyo alikuwa mkali wa maneno. Ukimwambia, "Nimeona ajabu," atakuuliza, "Ajabu, au kioja? Sema sawasawa." Watu walimcheka kwa hilo. Lakini kijiji kizima kilizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo walimcheka kisogoni.

Basi Mashavu, mke wa mfinyanzi, alikuwa amezika watoto watatu. Wa nne akaishi. Akanyonya, akanenepa, akaota jino. Lo! La juu! La chini halijatoka, la juu limetangulia. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na mila ilisema kigego humaliza ukoo. Hupelekwa msituni, akaachwa huko. Sipendi kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ngoma ikalia. Ndi! Ndi! Ndi! Watu wakajaa uani kwa Mashavu.

"Kioja!"

"Kioja gani? Mkosi huo!"

Mashavu amemkumbatia mwanawe, machozi tiriri, tiriri.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akasema, "Mwiteni Bi Mize. Aliyemkata kitovu ndiye hutoa neno. Asipolitoa yeye, mtoto haendi."

Bi Mize akaja na mkongojo wake. Kwata, kwata, kwata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto mnamwitaje?"

"Kioja, Bibi."

"Kioja ni mbuzi kupanda dari. Mtu huona, akacheka, akaenda zake. Nani hapa amecheka?"

"Basi ni ajabu," akasema Jumbe.

"Aonaye ajabu huuliza. Nani ameuliza?"

"Bibi, usituzungushe!" akasema Jumbe. "Sema kigego, tumalize."

Bi Mize akaketi chini.

"Mimi niliota la juu kwanza, Jumbe. Mama alinificha ndani, akawaambia watu nina surua, mpaka la chini likatoka. Umri wangu wote nimeogopa kulisema. Watoto wawili nimewaona wakipelekwa msituni, nikanyamaza. Nilikosa, wanangu. Leo sinyamazi. Kama kigego humaliza ukoo, tazamaneni. Nani kati yenu sikumpokea mimi? Wewe Jumbe ulitanguliza miguu, ukawa wa buluu. Nani aliyekuvuta?"

Watu wakatazamana. Jumbe akavua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Basi tumwiteje, Bibi?"

"Shani. Shani ni kitu adimu, tena cha kupendeza. Hakitupwi hicho. Hutunzwa."

Vigelegele! Wanawake wakashangilia, uani pakawa hapasikilizani. Mashavu hakupiga kigelegele. Alikwenda, akamweka mtoto mapajani mwa Bi Mize. Bibi akamkumbatia, akawalilia wale wawili wa msituni kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nanyi mnaonisikiliza, mkiona msichokizoea, ulizeni kwanza. Jina baya likishatoka kinywani, miguu hulifuata.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkawapakate watoto wenu.